Kisu Kilichoruka kutoka Mashine ya Matawi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kilimo, Embu, askari wa langoni alidai kipande changu cha kitambulisho, akanipekua mpaka ndani ya viatu. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji waliojificha msituni. Fundi Mkuu, Mwislamu wa Meru mjini tuliyemwita Mzee Idi, alinipokea kwa onyo: "Hapa chuma hakipotei, kijana. Kikipotea, watasema kimeenda msituni."

Kazi yetu ilikuwa kuunda mashine ya kukatakata matawi. Vichaka vilivyofyekwa kando ya barabara na matawi ya kahawa yaliyopogolewa yalikuwa yakichomwa moto. Bwana Mhandisi, Mzungu aliyesimamia karakana, alitaka yawe matandazo, yaani ya kufunika udongo shambani usikauke. Tulichonga gurudumu zito la chuma, likazungushwa na injini kwa mkanda, tukalifungia visu vinne tulivyofua kutoka springi za lori. Tawi liliingia kwa mdomo wa bati, likatoka vipande. Mzee Idi aliomba gurudumu lifunikwe kwa bati nene. Bwana Mhandisi alikataa. Alitaka kuona visu vikifanya kazi.

Asubuhi ya majaribio, mimi ndiye niliyekaza nati. Kisu cha nne sikukiwekea wosha, kile kipete cha kuzuia nati isilegee. Zilikuwa zimeisha, nami niliogopa kuwachelewesha wakubwa. Tawi la tatu lilipoingia, tulisikia mlio kama wa risasi, sote tukalala chini. Tulipoinuka, visu vilikuwa vitatu.

Inspekta wa polisi, Mzungu, alifika injini ikiwa bado moto.

"Nani nafunga hii kisu?"

Mimi ni Mwembu, na kaka yangu alikuwa kizuizini tayari. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Idi alisema, "Ni mimi, Bwana."

"Wewe napelekea watu ya msitu?"

"Kimeruka, Bwana. Gurudumu linazunguka kuelekea kule. Turuhusu tukitafute."

Kule kulikuwa ng'ambo ya waya, eneo lililokatazwa, ambako mtu angepigwa risasi bila kuulizwa jina. Tulipelekwa sisi wawili, askari nyuma wametuelekezea bunduki mgongoni. Niliogopa hata kuinama kuangalia majani. Mzee Idi alisoma dua kwa sauti ya chini. Tulikikuta kimezama katika shina la mti wa mukima, kimo cha kichwa cha mtu. Ilibidi nyundo iletwe ndipo king'oke.

Mzee Idi hakufungwa, ila alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Mimi nilibaki, nikaunda kifuniko alichokuwa ameomba, na Bwana Mhandisi akanisifu.

Baada ya uhuru nilimtafuta Makutano, Meru, alikokuwa na bucha. Nikamweleza habari ya wosha.

"Nilijua," akasema, akiendelea kukata nyama. "Niliiokota ile nati, haikuwa na wosha. Mimi wangenifukuza tu. Wewe Mwembu wangekupeleka wapi?"

Nilistaafu nikiwa Fundi Mkuu wa karakana ileile. Vijana wa kazi hii, mashine ya matawi anzeni kuibuni kwenye kifuniko, visu vije baadaye. Na ukikosa wosha, sema, hata wakubwa wakiwa wamesimama wanakungoja. Miaka yote niliyoshika cheo kile nilijua nimekipata kwa kunyamaza, na mwenyewe, Mzee Idi, yuko Makutano anauza nyama.