Wimbo Unaochechemea

Mtaani walimwita Sekunde. Alikuwa fundi saa, lakini jina halikutokana na saa. Kila ukiifuata saa yako angekwambia, "Sekunde moja tu," nawe ungekaa kwenye benchi mpaka makalio yafe ganzi. Sababu ilikuwa kigemu, kimashine cha michezo cha mkononi, alichoachiwa na mpwa wake. Watu wa rika lake walimaliza mchana kwa karata. Yeye, na miaka yake sitini na mmoja, alikuwa anatunga muziki.

Ndani ya kigemu aliingiza kadi yenye programu ya sinthesaiza, ya kutungia muziki. Kioo kilijaa visanduku vidogo, kumi na sita kwa mstari. Ukijaza kimoja ngoma inalia, ukijaza kingine filimbi inajibu, na mstari ukiisha unaanza upya. Sekunde aliinama kauntani, miwani ya ufundi imepandishwa kipajini, vidole gumba vikikimbia, mteja akimtazama, naye hana haraka, kama mtu asiye na mpango wa kuondoka duniani.

"Huko kukoroga mbu kwenye kopo utaacha lini, mume wangu?" mkewe alimuuliza kila jioni. Mke huyo alikuwa muuguzi, mwenye ulimi mkali na goti bovu, na Jumamosi ile wenzake wa wodini walikuwa wanamuaga baada ya miaka thelathini na miwili kazini.

Sekunde alidhani mkewe hajui kwamba hao mbu walikuwa kwa ajili yake. Miezi minne alikuwa akitunga wimbo wa kumuaga, kwa sababu maneno yeye hana. Siku ya harusi yao aliombwa aseme chochote, akaangalia saa yake na kuwatangazia watu kuwa ni saa kumi na dakika ishirini. Safari hii alitaka wimbo umsemee.

Alhamisi asubuhi ufundi ukamponza. Ndani ya kadi mna betri ya kidonge, sawa na ya saa, ndiyo inayotunza nyimbo. Akaipima, akaikuta imechoka. Fundi mzuri hangoji saa isimame, basi akaichomoa, akasugua vishikizo, akapachika mpya. Dakika tatu, kazi safi. Saa ukiitoa betri inapoteza majira tu, unairekebisha maisha yanaendelea. Kadi ilipoteza kila kitu. Alipowasha, visanduku vyote vilikuwa vitupu, na yeye, aliyebadilisha betri za mtaa mzima, akakizima kigemu na kukiwasha tena mara tatu, bado vitupu.

Alifunga duka kabla ya adhuhuri. Nyumbani mkewe, aliyekuwa mapumzikoni, alikuwa akipiga pasi sare yake ya mwisho. Sekunde akajikunyata kwenye kochi na kuanza upya. Kipande cha kwanza kilirudi. Cha pili kikagoma. Akajaribu hivi, akajaribu vile, akafuta.

"Hapo unashuka," mkewe akasema bila kuinua macho. "Ule wa kwanza ulikuwa unapanda."

"Kupanda vipi?"

Mkewe akauvumisha kwa pua, wimbo mzima, toka mwanzo hadi mwisho, pasi ikienda na kurudi. Sekunde alimfuata kisanduku kwa kisanduku.

"Na ngoma imenyooka mno," mkewe akaongeza. "Hii inatembea kama askari. Ile yako ilikuwa inachechemea."

Sekunde akainua kichwa. "Ulijua?"

"Miaka ishirini na sita napanda ngazi za nyumba hii na goti hili. Nisizijue hatua zangu?"

Sekunde akasogeza ngoma moja nyuma kidogo, ikachelewa. Chumba kikajaa mtu anayepanda ngazi, mguu mmoja mzito, mwingine mwepesi.

"Nakusikiaga toka ngazi ya kwanza," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Kila siku. Ukifika ya nne, moyo wangu unatulia. Najua ni wewe, umerudi."

Mkewe akaweka pasi pembeni. Akashika kola ya sare, akajifuta nayo macho, kisha akaitazama ilivyojikunja na kulowa.

"Ona sasa, umeniongezea kazi," akasema, akaitandika upya mezani. "Na Jumamosi usinichelewee."