Wakatoliki Nao Walipona

Kuna watu hapa Likasi ambao hadi leo wakiniona njiani wananiita Béatrice, mimi mwanaume mwenye ndevu, na kwa kuwa habari yake mtaisikia tu, afadhali muisikie kwangu, anayetaka kucheka acheke.

Yaya Béa, dada yangu mkubwa, ni mfamasia, ana farmasi yake mtaa wa Panda, na mimi (niliyeacha shule mapema, nikabeba mifuko ya madini, nikauza vocha za simu, nikaenda hadi Mwadingusha kutafuta kazi ya bwawa nikarudi na malaria tu) nilikuwa kwake kwa majaribio: nikijiheshimu ananipa kaunta, nikimwaibisha narudi kwenye mifuko. Basi siku ya semina ya wafamasia katika ukumbi wa parokia kule Shituru, semina ya kujifunza kusoma tafiti za dawa ili wauzaji wasitudanganye, jino likamvimbisha shavu, akanituma mimi.

"Enda, ikala nyuma, andika, nyamaza," akasema. "Unasikia? Nyamaza."

Nilikuwa naondoka vizuri kabisa, ila mlangoni nikaona koti lake jeupe limetundikwa, nikajiambia mtu anayekwenda kukaa na wasomi lazima afanane nao, nikalivaa. Hilo tu. Kumbe kwa ajili ya koti mpokea wageni akakataa nikae nyuma, "Docteur, pita mbele," nami (nani anakataa kuitwa docteur?) nikapita, nikaketi kati ya mabwana wawili wenye miwani.

Mwalimu alikuwa mama mmoja kutoka Lubumbashi, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alifundisha kwamba usiamini dawa kwa sababu waliomeza wamepona. Uliza kama kuna kundi jingine lisilomeza, linalofanana na la kwanza, watu wakigawanywa kwa kura, na wote wafuatwe hadi mwisho, wasiopona pia. Nilielewa kila neno, ndiyo aibu yenyewe. Kisha akaomba mfano wa hapa kwetu, na mkono wangu ukapanda bila kuniomba ruhusa.

Nikaeleza kwamba mimi mwenyewe nimefanya utafiti juu ya siro yetu, ile dawa ya maji ya kikohozi: niliwauzia watu wa kanisa letu la maombi, halafu kila Jumapili, saa ya ushuhuda, nikasikiliza. Wote waliosimama walikuwa wamepona! Hata mmoja hakusimama kusema imeshindwa! Mabwana wa miwani walikuwa wanaandika (nawaapia, mmoja alipigia mstari).

"Na bale habakupona," mama akauliza, "banatoaka ushuhuda siku gani?"

Ukumbi ukacheka kidogo. Hapo mwenye akili angekaa chini.

"Bale habaonekane, Madame. Kama habaonekane, habako."

"Aya. Na kundi ya bale habakunywa siro?"

Sikuwa nalo, nikalitengeneza papo hapo. "Iko, Madame! Bajirani betu Bakatolike. Nyumba sawa, vumbi sawa, kikohozi sawa, siro habakunywa."

"Na bale balipona?"

"Balipona bote," nikasema kwa fahari. "Lakini bo habatoake ushuhuda."

Basi. Ukumbi wa parokia, mjue, uliojaa Wakatoliki waliopona bila siro yangu. Kuna aliyeteleza kwenye kiti. Bwana aliyepigia mstari akaufuta kwa haraka hadi karatasi ikachanika, kisha akacheka kuliko wote. Mama akainama kusoma kifuani kwangu, pale jina liliposhonwa kwa uzi wa bluu, akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, kama kwa mfamasia mwenzake: "Asante sana, confrère Béatrice."

Habari zilifika Panda kabla yangu. Yaya Béa, shavu mkononi, hakuweza hata kufoka.

"Enda utafute bale habaonekane," akasema. "Bote. Bila vile usirudie hapa."

Nikaanza nyumba kwa nyumba kwa wale niliowauzia ambao hawakuwahi kusimama, na walikuwa wengi kuliko mashahidi wangu. Wengine walipona bila kujua kama ni siro au ni siku tu zilipita, wengine walikuwa bado wanakohoa. Mmoja wao ni Mama Kapinga, ambaye alikunywa chupa baada ya chupa akiogopa kusema, watu wasije wakadai imani yake ni ndogo.

"Mi niko mu kanisa kila dimanche, mwanangu," akaniambia katikati ya kikohozi. "Weye hauniangaliake."

Nikamsindikiza kituo cha afya, wakapima makohozi, ikawa kifua kikuu. Sasa anameza dawa zenyewe, na mwili umeanza kurudi.

Kaunta sikupewa. Yaya ameniacha nyuma, napanga makartoni, na akipita ananitazama kama chupa iliyoisha muda. Sawa. Nami nimeapa: kwenye semina sinyanyui mkono hata wakiuliza nani ana kiu. Na Jumapili, saa ya ushuhuda ikifika na watu wakaanza kusimama, mimi nageuza shingo kuangalia nani amebaki ameketi.