Siku Tuliyoitikia Sote Mtoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu Aline, niliyochoma nyama ambayo haikuliwa. Ilikuwa siku ya baada ya Krismasi, pale Windsor, mji ule wa zamani kando ya mto ambako mama yako amekataa kwenda nanyi Jumamosi. Jana uliniambia amezeeka vibaya, hapendi kuona wengine wakifurahi. Nilikuwa na chai mdomoni, nikaimeza ili nisikujibu ovyo. Leo nakujibu. Kaa chini, na hiyo simu iweke mbali.

Unajua ulikuwa na kaka, Espoir, na unajua alikufa maji. Zaidi ya hapo hujaambiwa, kwa sababu sisi tuliokuwepo tulinyamaza miaka yote hii tukajidai ni heshima. Wewe ulikuwa mtoto mchanga mgongoni. Mimi nilikuwa msichana tu, nasomea uuguzi.

Wakati huo sisi wa Kiswahili hapa Sydney tulikuwa wachache, tukijuana wote: Wakenya na masomo yetu, nyinyi Wakongo mliofika juzijuzi kutoka kambi za wakimbizi, na Mtanzania mmoja mwenye gari kubwa la kutubeba. Kila majira tulikuwa na pa kwenda. Baridi ikiisha tulikwenda kuangalia ile miti inayochanua zambarau. Joto likizidi tulikwenda mtoni Windsor. Mji wenyewe waliujenga Waingereza wa mwanzo: kanisa la matofali, makaburi yaliyoinama, kuta zenye alama za mahali mafuriko yalipofikia. Tulipiga picha mbele ya kila kitu tukatuma nyumbani, wajionee. Za siku hiyo hatukutuma.

Tulitandika kanga karibu na maji. Mto ule hauna makuu ukiutazama. Una rangi ya chai ya maziwa, umetulia, bata wanaelea. Ubao wa onyo ulikuwepo, tukaupita na sufuria zetu za pilau. Mama yako alikulia Uvira, kando ya ziwa, ambako watoto hushinda majini na wanawake wanafua hapohapo, macho yote yakiwa kwa watoto. Yeye aliona maji ni maji. Sisi tulimfuata. Mimi mwenyewe natoka Machakos, maji niliyoyajua ni ya ndoo!

Basi ukaanza kulia. Ulikuwa umejichafua, na nepi zilikuwa garini, kule juu barabarani. Mama yako akasimama akatuambia, "Muniangalilie Espoir." Tukaitikia. Jameni, tulivyoitikia! "Sawa, dada!" "Enda tu!" "Usijali, Mama Espoir!" Mmoja akacheka, akasema huyo hapa ana mama kumi. Mimi niliitikia nikiwa nimeupa mto mgongo, nageuza nyama. Hakuna aliyeinuka, kwa maana kila mmoja aliwasikia wenzake wakiitikia.

Mama yako hakukawia. Aliporudi aliuliza bila wasiwasi, "Espoir iko wapi?"

Tukatazamana. "Si alikuwa kwako?" "Kwangu? Nilidhani yuko na wale wasichana." Hapo nikageuka kuangalia maji. Yalikuwa yametulia vilevile. Pale mchangani palikuwa na kandambili zake, amezipanga pamoja, kama alivyofundishwa kuzivua mlangoni.

Mchanga ule unakatika ghafla. Maji yanakufika gotini, unapiga hatua nyingine, na chini hakuna kitu. Hayo yote yalikuwa yameandikwa kwenye ubao. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akivua samaki aliruka na nguo zake, akamtafuta, akamtoa. Nikapiga magoti, nikamkandamiza kifua na kumpulizia pumzi nilivyofundishwa chuoni, mpaka watu wa ambulensi walipoishika mikono yangu wakaiondoa. Alikuwa mtoto wa miaka minne. Nyama iliungua nyuma yangu nikiisikia harufu, na tangu siku hiyo mimi sichomi nyama.

Matanga tulikaa nyumbani kwenu Lidcombe. Magodoro sebuleni, wanawake sakafuni, treni zinapita nje kama kawaida. Kila aliyeingia alimwambia mama yako, "Ni mapenzi ya Mungu, jikaze." Naye akawa anatikisa kichwa tu kukubali. Bibi yako, Koko, alikuwa amekaa pembeni. Miguu yake mibovu ilikuwa imemzuia kuja mtoni. Alivumilia, akavumilia, kisha akapiga sakafu kwa fimbo.

"Muache kumusingizia Mungu," akasema. "Mungu hakusema usijali. Ni nyinyi mulisema."

Mchungaji akajaribu kumtuliza. Koko hata hakumtazama. Akamnyooshea kidole aliyekuwa karibu naye: "Weye, ulikuwa wapi?" Ikabidi kila mmoja aseme mbele ya mama yako. Nilikuwa nasuka nywele. Nilikuwa nakata kachumbari. Nilikuwa nawapiga wenzangu picha. Iliponifikia zamu nilisema nilikuwa nageuza nyama, nikatamani ardhi inimeze. Mama yako alisikiliza hadi mtu wa mwisho. Halafu akasema taratibu, bila kuinua sauti, "Nilisikia sauti zenu zote. Ndiyo maana nilienda."

Wapo waliomchukia Koko, wakasema amewaaibisha watu msibani. Mimi nasema ni yeye peke yake aliyemheshimu yule mtoto. Na ni yeye aliyewakemea walioanza kumwita mama yako Mama Aline wakidhani wanamhurumia. "Ni Mama Espoir," akawaambia. "Mutoto alikuwako." Sasa umejua kwa nini mama yako haitwi kwa jina lako. Na wewe miaka yote hiyo ukadhani hakupendi!

Sikiliza basi ninachokuusia. Jumamosi mtakuwa wengi, na mwanao Noa ndiyo kwanza amejua kukimbia. Ukitaka kwenda hata chooni, usiwaambie watu wakuangalilie mtoto. Watu si mtu. Chagua mmoja. Mwite kwa jina lake, mshikishe mkono wa Noa, umwambie, "Nakukabidhi." Usiondoke mpaka akujibu, "Nimempokea." Na huyo aliyempokea asigeuze nyama, asiguse simu, asichote chakula, mpaka amrudishe mkononi mwako. Watakucheka. Hata mimi vijana wananiita askari jela, "Auntie, relax," wananiambia. Wacha wacheke.

Na mama yako usimlazimishe kuja. Panda treni uende kwake Campbelltown, safari ni ndefu, utapata muda wa kulia kabla hujafika. Ukifika usimwombe msamaha kwa maneno mengi. Mwulize Espoir alikuwa mtoto wa namna gani, alipenda kula nini, alichekeshwa na nini. Sisi sote tuliogopa kumwuliza, naye amekaa na majibu peke yake.

Jumamosi nitakuwepo. Nitaketi pale mchanga unapokutana na maji, na asiniletee mtu sahani.

Haya, nipe Noa, uende kwa mama yako sasa hivi. La, usimwache tu hapo kochini ukasema "Tantine yupo," kama unavyoniita siku zote. Mlete. Niite jina langu, Mwende, na umtie mkono wake mkononi mwangu. Ehe, namna hiyo. Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Ampe mama yako usingizi, na akulindie huyu akue, azeeke, aje akuzike wewe.

Nenda, Aline. Nimempokea.