Presha ya Macho ya Dada Miwani

Mdogo wangu ni kinyozi. Mtaa mzima unamwita Dada Miwani, kwa sababu miwani yake ni minene na inayakuza macho yake. Mteja mgeni akiketi mbele ya kioo cha saluni, anayaona kwanza macho ya kinyozi, ndipo anakiona kichwa chake mwenyewe.

Alizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alifanyiwa upasuaji kabla hajajua kutembea. Mama anasema siku bandeji zilipotolewa, mtoto alimtazama daktari, akamkamata sharubu, akakataa kuziachia. Basi ajira ikawa imeshapatikana.

Mwaka huu wapimaji wa macho walifika mtaani kwetu. Wakampulizia hewa jichoni kwa kifaa chao, wakatikisa vichwa. Presha ya macho iko juu, wakasema, na presha hiyo huua macho polepole. Aende hospitali kubwa.

Dada Miwani hajui kuficha jambo. Alirudi saluni akamsimulia fundi rangi huku akimnyoa ndevu.

"Eti unapofuka?" fundi rangi akaruka. "Na wembe uko kooni kwangu?"

Alitoka na nusu ya ndevu, akaenda kumaliziwa mtaa wa pili. Maneno yana miguu. Kesho yake kiti kilikaa kitupu, na keshokutwa vilevile. Mdogo wangu akawa anafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja.

"Kaka," akaniambia, "macho yakifa, mimi nitakuwa nani?"

Nikamsindikiza hospitali.

Daktari wa huko alikuwa na ndevu nyingi kama kichaka. Alipima, akakuta presha iko juu kweli. Kisha akauliza, "Uliwahi kupasuliwa macho?"

"Mtoto wa jicho, nikiwa mchanga."

"Kumbe! Mbona husemi, mama?"

Akachukua kifaa kingine, kidogo kama kalamu, akapima unene wa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Halafu akachunguza nyuma ya jicho, taratibu. Mwisho akacheka.

"Waliopasuliwa mtoto wa jicho wakiwa wadogo, wengi wao konea huwa nene. Zako ni nene kweli. Kifaa cha presha huibonyeza konea. Ikiwa nene inakaza, nacho kinadhani jicho limejaa presha. Tairi nene ukilibonyeza kwa kidole si utadhani limejaa upepo? Na mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, ambao presha ya kweli huuharibu, ni mzima."

"Kwa hiyo sipofuki?"

"Leo hupofuki. Ila kila mwaka uje tukupime, maana presha ya kweli inaweza kuwapata watu kama wewe hata ukubwani. Usipokuja nitakufuata hukohuko saluni."

"Nifuate, daktari! Hizo ndevu ndizo zenye presha!"

Tulitoka chumba cha daktari tukicheka kama waliotekenywa. Machozi yakamjaa, akavua miwani ayafute, na bila miwani hajui mti wala mtu. Akaliamkia koti lililotundikwa ukutani: "Shikamoo, mzee!" Nikaangua kicheko mpaka nesi akatunyamazisha. Mimi, ninayeona haya hata kupiga chafya mbele ya watu!

Tulipofika saluni, Dada Miwani akawatangazia majirani kwamba hapofuki. Wakasimama nje, kila mmoja anamsukuma mwenzake aingie. Hakuna aliyethubutu. Nikaingia mimi, nikaketi, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Nyoa kichwa chote. Kwa wembe."

Aliponyoa utosi, mlangoni wakarefusha shingo. Aliponyoa nyuma ya sikio, mtu akaguna. Kichwa kilipong'aa bila mkwaruzo, muuza mitumba akajitosa ndani.

"Mimi nafuata!"

"Wewe?" jirani mwingine akadakia. "Mimi nilisimama hapa kabla yako!"

"Ulisimama kuchungulia, ndugu, si kunyolewa!"

Ukawa mvutano, watu wawili kwenye benchi moja, mguu wa huyu juu ya wa yule. Dada Miwani akainua wembe, macho yake makubwa yakimeremeta.

"Kaeni chini nyote! Leo hakuna kichwa kitakachoniponyoka!"