Maneno ya Mlangoni

Kaka yangu alipiga video za arusi kwa miaka mingi, na kama ulifunga ndoa mtaani kwetu zama hizo, yeye ndiye aliyekuambia ucheke. Kazi hiyo ilimlisha lakini haikumridhisha. Alitaka kutengeneza filamu yake mwenyewe, hata moja tu, na aimalize haraka, kwa sababu daktari alikuwa ameshatuambia kwamba macho ya mama yanakwenda na hayatarudi. Filamu ilikuwa ya mama. Kaka hakulisema hilo, ila hadithi ilimsaliti: mwanaume anaondoka nyumbani bila kuaga, miaka inapita, kisha siku moja anabisha hodi na mkewe anafungua mlango. Baba yetu aliondoka hivyohivyo, ila yeye hakurudi kubisha.

Kamera ilikuwepo. Waigizaji tulikuwa mimi, niliyepewa nafasi ya mke, na fundi bomba, jirani yetu, aliyekubali kwa sharti moja tu, asivuliwe kofia. Kilichokosekana ni mwandishi. Kaka alijaribu mwenyewe, lakini watu wake wote, hata wenye huzuni, walizungumza kama washereheshaji wa arusi. Mama ndiye aliyemwambia akamtafute Mdomo.

Mdomo alifanya kazi kwenye ukumbi wa video nyuma ya gereji. Filamu za kigeni zilipoonyeshwa, alikaa pembeni na kipaza sauti akawasemea wote kwa Kiswahili, wanaume, wanawake, hata mbwa. Lugha za filamu hizo hakuzijua. Aliwatazama watu usoni akajua wanalotaka kusema, na mara nyingi alilisema vizuri kuliko wao. Mama alikwenda pale kila Jumamosi, na macho yalipoanza kufifia hakuacha, maana tangu mwanzo alikuwa akimfuata Mdomo, si picha.

Mdomo alikubali bila hata kuuliza malipo. Kaka akamkalisha mezani kwetu, kalamu na karatasi mbele yake, na mtu aliyeongea kama cherehani akawa bubu. Aliandika mstari, akaukata. Pale mlangoni ndipo alipokwama kabisa: mke anasema nini? Akamwomba kaka apige picha kwanza, sisi tuchezeshe midomo tu, naye aje kuweka maneno baadaye, kama alivyozoea.

"Nikiuona uso wake nitajua anachosema," alisema.

Kaka akamjibu kwamba filamu haitengenezwi hivyo, mwandishi huandika kwanza. Alikuwa amelisoma hilo mahali, na kaka yangu akishasoma kitu, hata umletee malaika habadiliki. Nilimwambia amsikilize mwenzake, akaniambia nishike langu. Basi wakavutana wiki kadhaa, mpaka siku kaka alipochoka akatoa neno ambalo leo angelimeza kama lingemezeka.

"Wewe si mwandishi," alimwambia. "Wewe ni mropokaji wa filamu za watu."

Mdomo aliisukuma karatasi katikati ya meza, akamuaga mama kwa heshima zote, akaondoka. Mama alimwambia kaka amfuate palepale. Kaka akasema hana haja, Mdomo atarudi mwenyewe tu. Hakurudi.

Kaka alijaribu waandishi wengine. Mmoja alimletea mahubiri, mwingine akataka ndege mbili na mlipuko. Miezi ikapita, mama akaanza kupapasa meza kutafuta kikombe. Majuto ni mjukuu, husemwa, na kaka ambaye hana hata mtoto alimpata mapema. Bila kumwambia mtu sababu, alinisimamisha mlangoni, fundi bomba akabisha, nikafungua. Kaka akaniambia nihesabu tu ili midomo icheze. Nikahesabu huku nikimtazama yule fundi na kofia yake, na sijui kilichonipata, machozi yakanitoka. Kaka alisema hajawahi kupiga picha nzuri kama ile, na ilikuwa kweli.

Tukaipeleka kwa Mdomo. Ukumbi ulikuwa umefungwa, watu siku hizi wanatazama kwenye simu, na yeye alikuwa anauza viatu vya mtumba jirani na pale. Kaka alimwomba radhi mbele ya wateja, akamwekea kompyuta juu ya viatu. Mdomo alitazama pale mlangoni, akarudisha nyuma, akatazama tena, na midomo yake ikaanza kucheza. Nilidhani tumempata. Kisha akaifunga kompyuta taratibu.

"Picha nzuri sana hii," alisema. "Sasa tafuta mwandishi."

Nilitaka kumlaumu nikakosa pa kuanzia. Neno lile tulimpa wenyewe, naye aliturudishia jinsi lilivyokuwa.

Mama aliomba tumwekee filamu hivyohivyo. Wakati huo alikuwa haoni tena ila mwanga wa dirisha. Kaka alikuwa amefuta sauti zetu, akabakiza hatua, hodi na bawaba za mlango. Vikasikika vyote kwa mpangilio wake, kisha kimya. Mama akauliza mbona kimya. Kaka akaanza kumweleza kwamba mke amefungua, anamtazama mumewe, analia.

"Sikuuliza anafanya nini, mwanangu," mama alisema. "Nauliza anasema nini."

Kaka aliinama. Roho iliniuma kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama zaidi, kwa sababu miaka yote hiyo naye alikuwa akilitafuta neno hilohilo. Mama akageukia upande wangu.

"Wewe ndiye uliyekuwa mlangoni. Ulimwambia nini?"

Nilitafuta uongo wa kumpa, sikuupata.

"Nilihesabu, mama. Moja mpaka ishirini."

Mkono wa mama ulimpapasa kaka mpaka ukampata bega.

"Na huyo aliyebisha," akauliza, "alisubiri mpaka ukamaliza?"