Mpaka Uliosogea

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji huku Ngenge, mtoto mgongoni, nikisubiri barua ya utambulisho. Mbele yangu bibi mmoja alimlalamikia mtendaji kwamba mlamula, mti wa mpaka wa kibanja chake, umesogezwa.

“Nani kausogeza, bibi? Jirani yako si amehamia kule kiwandani na familia nzima?”

“Ndiyo, waitu,” bibi alijibu kwa Kihaya cha heshima.

“Na wa upande wa pili?”

“Naye amemfuata huko huko.”

“Basi mti umetembea wenyewe!” alisema mzee mmoja nyuma yangu, tukacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

“Mwezi uliopita nilikuja nikapima, mpaka uko sawa,” mtendaji alisema taratibu. “Tukatafuna na zile punje za kahawa ulizonikaribisha nazo.”

“Kahawa bado ipo,” bibi alijibu haraka. “Nimechemsha na nyingine.”

Mtendaji alimtazama, kisha akafunga daftari.

“Nitakuja Alhamisi na kamba. Tutaanza mapema, maana mpaka wako ni mrefu.”

“Saa ngapi?”

“Saa tatu.”

“Nitakuwa nimeshapika,” alisema bibi, akaondoka karibu kukimbia.

Nilipopewa barua yangu nilimwuliza mtendaji kibanja hicho kina ukubwa gani.

“Robo ekari,” alisema, bila kuinua macho.

Kamba ya kupimia hushikwa na watu wawili. Nimemwambia Alhamisi nitashika ncha ya pili.