Kigari changu hakikuisha, Zuhura akaenda Idi na kiti

Wakuu, salamu kutoka Kamembe, Rusizi, huku Rwanda.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea milango. Kazi nilijifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni. Nina ugonjwa mmoja: kitu kisiponyooka, situlii.

Dada yangu ana binti wa miaka sita, Zuhura, mwenye mtindio wa ubongo. Miguu yake inakaza, anakanyagia vidole. Nilimwahidi kigari cha kushikilia anapotembea, ili siku ya Idi azunguke kwa majirani na wenzake, kwa miguu yake. Miaka yote alikuwa anabebwa mgongoni.

Nilikimaliza wiki tatu kabla. Gurudumu la kulia likawa linayumba kidogo. Nikalikata, nikachomea upya. Likayumba la kushoto.

Asubuhi ya Idi kigari kilikuwa vipande sakafuni. Nilitaka kulia, nakiri.

Zuhura akachungulia, akaniita mjomba wake: "Tonton, batoto banaenda!"

"Ngoja kidogo, mama."

Hakungoja. Kumbe wiki zote hizo alikuwa anazunguka uani na kiti kidogo cha plastiki. Akatoka nacho njiani: anakiinua, anakiweka mbele, anakifuata.

Nikamkimbilia, spana mkononi. Kila hatua napiga kelele: "Kisigino chini! Kisigino!"

Akaanza kutazama miguu yake. Akasimama kabisa.

Jirani yetu Maman Asha akaniita kutoka mlangoni kwake: "We fundi, leo ni sikukuu ao ni jeshi?"

Nikatia spana mfukoni, nikamfuata nyuma bila kumsahihisha. Kwangu hayo ndiyo mazoezi magumu.

Zuhura akaendelea. Alipofika kwa Maman Asha, akageuza kiti, akaketi mlangoni kama mgeni wa heshima. Maman Asha alicheka hadi akashika ukuta.

"Muntu anakuja na kiti yake! Huyu tumupe sambusa mbili!"

Kufika nyumba ya tatu, wenzake walikuwa wanagombania zamu ya kukalia kile kiti. Alimaliza nyumba saba.

Wiki iliyofuata nilikiri yote mbele ya kine wake, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nikingoja kugombezwa. Akasema visigino tutavishughulikia taratibu. Hamu yake ya kwenda ndiyo tusiiue.

Kigari nimekiunga upya, nimempa. Kinasimama imara ila kinalia kwi-kwi, nami nimekaza moyo.

Nilichojifunza: mimi nilitaka atembee vizuri. Yeye alitaka kufika.

Wenye watoto kama Zuhura, wenu wanapenda kukimbilia wapi? Semeni. Na mkiona kosa la kuandika, nihurumieni, uzi huu nimeusoma mara tisa.